Karate shuleni si jeshi, wazazi watuelewe

Mwezi uliopita katika kikao cha wazazi cha shule ninayofundisha, huku kusini mwa Burundi, niliomba jambo dogo: kutumia uwanja wa shule Jumamosi kuwafundisha wanafunzi karate. Mzazi mmoja akasimama, akauliza, "Mwalimu, vijana wakipangwa mistari wakarusha ngumi kwa kuhesabiwa, sisi tuseme ni nini?" Kikao kikanyamaza. Kwa nchi yetu hilo si swali la kipuuzi, na ombi langu likakataliwa.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, Tabora, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972. Karate niliijulia chuo kikuu, Dar es Salaam, mji ambao Goju-ryu, mtindo wa kisiwa cha Okinawa, ulifikishwa miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani. Klabu yetu haikuwa na vifaa vya dukani. Tulijaza saruji kwenye makopo ya rangi, tukachomeka mpini, tukapata chi-ishi ya kukazia mikono. Kabla ya mazoezi sakafu ilipigwa deki, na hata aliyekaribia kuwa daktari alishika tambara. Miezi ya kwanza hatukupigana na mtu. Tulifanya Sanchin: hatua chache za kwenda na kurudi, pumzi zikisikika, mwalimu akikugonga mabega aone kama umesimama imara. Waliokuja kutafuta mambo ya Bruce Lee walichoka, wakaacha.

Kilichonishika mimi ni kingine. Unampa mwenzako mkono aukunje, naye lazima auachie ukimgonga mara mbili. Mwenzangu alikuwa kijana wa Kigoma ambaye mwanzoni aliniita "mkimbizi" kwa sauti isiyopendeza. Baada ya kuumizana kidogo na kuombana radhi mara nyingi, neno lile sikulisikia tena kinywani mwake.

Sitawaficha wazazi. Huko Okinawa karate ilifundishwa kwa siri hadi mwalimu Anko Itosu alipoiingiza shuleni mwanzoni mwa miaka ya 1900, na katika barua yake ya mwaka 1908 alitaja faida yake kwa askari wa baadaye. Kwa hiyo hofu ya mzazi yule ina msingi. Mistari ile ile mtu mwenye nia nyingine anaweza kuitumia. Ndiyo maana nataka ifanyike uwanjani, mchana, wasichana wakiwemo, watoto wetu sisi tuliorudi na watoto wa waliobaki wakipangwa wawili wawili, orodha ya majina ikae kwa mwakilishi wa wazazi. Tukikataza, kijana anayeipenda ataitafuta nyuma ya nyumba kwa mtu tusiyemjua.

Na akina mama wanaovuka Mugina kwenda Manyovu na mizigo yao wanajua Jumamosi watoto wanabaki na nani. Wengi wanabaki na barabara. Hao ndio ningependa waje kikaoni, maana safari iliyopita walikuwa mpakani.

Makopo manane yako nyumbani kwangu, saruji imeshakauka. Naomba kikao kijacho kiniite tena, na mzazi yule aliyeuliza ndiye awe wa kwanza kushika ile orodha.