Samadi, Kisima na Mtoto Mchanga: Funzo la Nyuzilandi na Ayalandi

Nyuzilandi na Ayalandi ni nchi za visiwani zilizo mbali sana, lakini hufanana kwa jambo moja: uchumi wa vijijini mwao husimama juu ya mvua, majani mabichi na ng'ombe wa maziwa. Zinatofautiana katika namna zinavyoishughulikia samadi, na tofauti hiyo inawahusu wahudumu wa afya kama inavyowahusu wafugaji.

Ng'ombe hutumia sehemu ndogo tu ya naitrojeni iliyomo katika majani anayokula. Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo na kinyesi. Pale anapokojoa, udongo hupokea naitrojeni nyingi kuliko mizizi inavyoweza kufyonza. Bakteria wa udongoni huibadili kuwa naitreti, nayo huyeyuka katika maji ya mvua na kuzama hadi visimani.

Nchini Nyuzilandi ng'ombe wengi hukaa malishoni mwaka mzima, hata wakati wa baridi ambapo majani hukua polepole na mvua huosha udongo. Katika uwanda wa Canterbury, wenye ardhi ya kokoto na malisho ya kumwagiliwa, naitreti hupita upesi. Mwaka 2021 serikali iliweka kikomo cha kilo 190 za naitrojeni ya mbolea ya viwandani kwa hektari ya malisho kwa mwaka. Hatua hiyo ni njema, lakini haimgusi moja kwa moja ng'ombe anayekojoa malishoni.

Ayalandi huwaingiza ng'ombe bandani majira ya baridi, huhifadhi samadi yao ya majimaji na kukataza kuimwaga mashambani miezi hiyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1991 iliweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hektari. Hata hivyo, Ayalandi ilipewa nafuu: wafugaji wenye kibali waliruhusiwa kufikia kilo 250, kiwango kilichoshushwa baadaye hadi 220 katika baadhi ya maeneo. Ukomo wa mgawo wa maziwa wa Ulaya ulipoondolewa mwaka 2015, idadi ya ng'ombe iliongezeka, na mito ya kusini mashariki bado inalemewa.

Kwa hiyo Ayalandi imeuliza swali lililo sahihi zaidi, yaani samadi kiasi gani, juu ya ardhi ipi na wakati gani. Kisha ikalidhoofisha jibu lake kwa nafuu. Lakini nchi zote mbili zina pengo moja lililo zito kwa afya: kisima cha nyumba moja hakimo katika usimamizi wa maji ya umma. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuyapima.

Naitreti haina rangi, harufu wala ladha. Kuyachemsha maji, ushauri unaookoa maisha dhidi ya vijidudu, hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, huzidi kukolea. Anayehatarika zaidi ni mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, kwa kuwa himoglobini yake hupoteza upesi uwezo wa kubeba oksijeni. Midomo na ngozi hugeuka buluu, na kumpa oksijeni hakuondoi rangi hiyo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 50 za naitreti kwa lita, kiliwekwa kumlinda mtoto huyo. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha watu milioni 2.7, ulikuta uhusiano na saratani ya utumbo mpana katika viwango vilivyo chini sana ya hapo. Uhusiano si uthibitisho, lakini ni sababu tosha ya kutoridhika na maji yaliyo karibu na kikomo.

Mfugaji si adui; hufuga kadiri sheria na soko vinavyomruhusu. Ndiyo maana ulinzi uanze malishoni, kwa kuhesabu mifugo na samadi kabla naitreti haijazama, kwa kuwa ikishafika chini ya ardhi huweza kukaa miaka mingi. Na kliniki nazo zina wajibu: mama anayetumia kisima karibu na mifugo aulizwe kama maji yake yamepimwa, na aulizwe akiwa bado mjamzito. Kinga haingoji mtoto abadilike rangi.