Mstari Mmoja Si Ubingwa

Kuna tabia imezagaa miongoni mwetu waandishi wa programu, na leo nataka kuisema wazi, atakayenuna anune. Mtu akishajua kuandika kitanzi cha Python kwa mstari mmoja, basi kila kitu anakishindilia humo kama abiria kwenye matatu ya jioni.

Kwanza tuelewane. Mtindo wenyewe siupingi. Uliingia na Python 2.0 mwaka 2000, ukiazimwa kutoka lugha ya Haskell, na ni mzuri sana. Tazama:

makubwa = [m for m in malipo if m > 1000]

Yaani, nipe kila m iliyomo kwenye malipo, mradi imezidi 1000. Kwa njia ndefu ungeandika mistari minne: orodha tupu, for, if, kisha append. Hapa kufupisha ni haki, kwa sababu kazi ni moja tu: kutoa orodha mpya kutoka kwa ile ya zamani.

Sasa tazama uhuni huu:

[tuma_ujumbe(w) for w in wateja]

Nani ameomba orodha hapa? Python inaijenga hata hivyo, kisha inaitupa. Hiyo ni hasara ndogo. Kubwa ni hili: una wateja 1000, nambari ya simu ya mteja wa 401 ni mbovu, na tuma_ujumbe inatoa kosa. Kitanzi kinakufa papo hapo. Wateja 600 hawapati kitu, nawe huna orodha ya waliopata. Ndani ya mabano yale huwezi kuweka try na except. Sarufi ya Python hairuhusu. Ukianza upya, wale 400 wa kwanza wanapata ujumbe mara ya pili. Je, ingekuwa ni kutuma pesa?

Najua mtanijibu kwamba mstari mmoja una kasi. Kweli, katika kujenga orodha kwa kawaida huishinda append kidogo. Lakini programu inayosubiri mtandao haitaokolewa na mabano. Na kama mnajali ubadhirifu, mbona bado mnaandika hivi?

sum([m for m in malipo if m > 1000])

Ondoeni mabano ya mraba! Tangu Python 2.4 ya mwaka 2004, hii inatosha:

sum(m for m in malipo if m > 1000)

Inajumlisha moja moja bila kujaza orodha nzima kwenye kumbukumbu ya tarakilishi.

Kanuni yangu ni rahisi. Unataka orodha? Mstari mmoja. Unataka kitendo kitendeke? Tumia for ya kawaida, uweke na try yako ndani. Ukijikuta na for mbili na if tatu kwenye mstari mmoja, vunja. Programu huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, na msomaji huenda akawa mwenzako, saa nane za usiku, mfumo ukiwa umelala chini na wateja wanapiga simu.

Mwenye hoja tofauti aje nayo. Lakini aje na mistari ya programu, si maneno matupu.