Shamba la Naboti katika mji wa Bukavu



Wazee walisema: Penye miti hapana wajenzi. Siku hizi, katika mji wetu wa Bukavu, methali hiyo imegeuka. Penye mti mmoja tu uliobaki, hapo wajenzi kumi wanazunguka na kamba ya kupimia. Mti wa avoka nyuma ya nyumba, mgomba kando ya ukuta, kipande cha lengalenga ambacho mama huchuma jioni kabla ya kusonga bugali: vyote hivyo vinaitwa sasa "nafasi tupu".

Sisi wakaaji wa mtaa mmoja wa zamani katika komini ya Ibanda tumelikataa neno hilo. Tumeandika barua kwa wakubwa, tumetia sahihi, tumeomba bustani za nyuma ya nyumba zetu zisikatwe vipande na kujengwa. Hatukupata jibu, ila masengenyo: kwamba sisi ni watu wa kurudi nyuma, kwamba tunawaonea wivu wenye feza. Basi, kwa kuwa ofisini hawatusikii, tuseme hapa mbele ya Wakristu wote, wapate kuhukumu wenyewe.

Kila mtu aliyefundishwa katekisimu anajua habari ya mfalme Ahabu na Naboti. Naboti alikuwa na shamba la mizabibu kule Yezreeli, karibu na nyumba ya mfalme. Ahabu akalitamani. Alitaka kumpa shamba lingine zuri zaidi, ao feza. Naboti akakataa, kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akalala kitandani na kugeuza uso, hata kula hakutaka. Ndipo Yezabeli, mke wake, akaandika barua kwa jina la mfalme, akaweka mashahidi wawili wa uwongo, na Naboti akapigwa mawe mpaka kufa.

Tuangalie vizuri jambo moja. Ahabu alilitaka shamba lile kwa kupanda mboga! Hata yule mfalme mwovu hakuwaza kumwaga simenti juu yake. Lakini njia ya kulipata ni ile ile tunayoiona leo: barua zenye muhuri, mashahidi wa kununuliwa, na karatasi mbili za kiwanja kimoja, kila moja na jina lake. Aliye na feza anatembea na karatasi mpya. Mjane anabaki na karatasi ya marehemu mumewe, akipanda na kushuka ngazi za ofisi.

Tuseme sasa habari ya mji wenyewe. Bukavu umekaa juu ya vilima, na rasi zake tano zinaingia ndani ya ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Zamani, wakati ulipoitwa Costermansville, mitaa ya Muhumba na Nyawera na rasi ya La Botte ilipimwa viwanja vipana: nyumba mbele, bustani nyuma, miti mpaka karibu na maji. Hatusahau kwamba mitaa hiyo ilipimwa kwa ajili ya Wazungu, na baba zetu waliojenga kuta zake walipelekwa kulala Kadutu na Bagira. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tunaulilia ukoloni. Nyumba nzuri na miti mikubwa havina rangi ya ngozi. Leo ni mali ya mji wote, nasi tuliorithi tunapaswa kuvilinda kuliko wale waliovijenga.

Lakini hatupiganii uzuri peke yake. Bustani ina kazi, na kazi yake ya kwanza ni kunywa maji. Kwetu mvua inanyesha tangu Septemba mpaka Mei. Ikianguka juu ya udongo wenye miti na majani, sehemu kubwa inaingia chini polepole. Ikianguka juu ya mabati na simenti, inakimbia yote. Mahali palipokuwa na nyumba moja, ukijenga tatu, maji yote yanashuka kwa jirani wa chini. Jirani huyo naye akiwa amekwisha kujenga, anampelekea wa chini yake. Hivi ndivyo ilivyotokea kwetu. Nyumba ya etaje ilisimamishwa mahali pa bustani, bila mfereji. Mvua kubwa ya kwanza ilipofika usiku, maji yalivunja ua, yakaingia vyumbani, tukakesha tukiwabeba watoto juu ya meza. Asubuhi ukuta wa jirani ulikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Wazee wanasema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tuliuona ufa. Na mwenye etaje alikuja kuutazama, akasema ni mapenzi ya Mungu.

Hapana. Mungu alituma mvua. Mfereji ulikuwa kazi ya yule aliyejenga.

Na asiyetuamini sisi aende Funu, katika komini ya Kadutu. Kilima chote kinateremka taratibu, na juu yake wanakaa watu maelfu na maelfu. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza utafiti wao juu ya kilima hicho. Walilinganisha picha zilizopigwa na ndege tangu wakati wa ukoloni na vipimo vya satelaiti za siku hizi, karibu miaka 70 yote. Waliona kwamba pale nyumba zilipoongezeka, udongo uliongeza mwendo wake. Maana kujenga kwa watu kunabadilisha njia ya maji juu na chini ya ardhi. Basi mambo haya hayakutungwa na wazee wenye wivu. Tukumbuke tena tarehe 3 Februari 2008, inchi ilipotetemeka na nyumba kuanguka. Kwenye inchi ya namna hii, kubandika ukuta juu ya ukuta ni kuchezea roho za watu.

Kazi nyingine ya bustani ni kuacha njia. Moto ukishika nyumba ya mbao huko Kadutu, tunaona namna unavyoruka paa hadi paa, kwa sababu hapana nafasi hata ya kupita mtu na ndoo. Je, tunataka ugonjwa huo uje mitaa yote? Tena choo kinahitaji shimo, shimo linahitaji umbali na nyumba ya jirani. Na takataka zisizopata mahali pa kufukiwa zinabebwa na maji mpaka ziwani, na kutoka ziwani mpaka kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi, zikaiziba. Halafu tunakaa gizani na kulaumu wafanyakazi wa umeme!

Na kazi ya mwisho, ambayo wakubwa hawaioni: bustani inalisha. Sombe, maharagi, ndizi, avoka za kuuza mlangoni ili mtoto apate kalamu. Mwezi mshahara usipofika, na miezi ya namna hiyo tunaifahamu sana, bustani ndiyo mshahara.

Sasa tusikilize wanaotupinga, kwa maana haki inataka kusikiliza pande mbili.

Wanasema: "Watu wamekuwa wengi, walale wapi?" Neno hili ni la kweli, nasi hatulidharau. Tangu vita vya mwaka 1996 watu walikimbia vijiji vyao, wakaja mjini kutafuta usalama. Wakaaji wa Bukavu wanahesabiwa kupita milioni moja. Lakini twende tukatazame ni nani analala ndani ya etaje hizi zinazojengwa bustanini. Je, ni yule mama aliyekimbia na watoto sita? Kodi yake inaombwa kwa dola, miezi kadhaa mbele. Mwalimu hawezi, mkatekista hawezi, askari hawezi. Yule mama amekodi chumba cha mbao juu ya mteremko unaoporomoka, na maji yanayotoka kwenye etaje hiyo ndiyo yanayochimba chini ya kitanda chake. Basi wasimtaje maskini kama ngao. Wanaotaka kweli kumpa nafasi, wapime viwanja vipya mahali pa imara, wapeleke kwanza barabara na maji na mifereji, ndipo waite watu. Warudishe pia viwanja vya Serkali vilivyogawanywa kwa urafiki. Hapo tutakuwa wa kwanza kuleta majembe.

Wanasema tena: "Kiwanja ni changu, nafanya nipendavyo." Ndugu, sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serkali peke yake, mtu anapewa haki ya kuutumia kwa masharti. Na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kukaa katika mazingira mazima, tena inampa kazi ya kuyatetea. Kwa hiyo tunapotetea bustani hatuleti fujo. Tunafanya kazi ya raia. Eklezia nayo inafundisha hivyo tangu zamani. Papa Leo XIII, katika barua Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitetea haki ya mtu kuwa na mali yake, lakini alikumbusha kwamba mwenye mali anapaswa kuitumia akiwafikiri wengine. Naye Papa Fransisko, katika barua Laudato Si' ya mwaka 2015, alionyesha kwamba kilio cha inchi na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Huko Funu vinasikika pamoja.

Wengine, waliotembea kidogo, wanatuambia: "Huko Ulaya wanajenga kila pahali, ndiyo maendeleo." Wasikie basi habari za Uingereza. Sheria ya mwaka 1967 iliwapa wenye miji nguvu ya kuchagua mitaa ya zamani na kuilinda. Katika mitaa hiyo, hata kukata mti ulio nyuma ya nyumba yako, lazima utoe habari majuma 6 mbele. Ni kweli kwamba baadaye walikosea. Mwaka 2000 Serkali yao iliagiza nyumba zisipungue 30 katika hektari moja, na bustani ilihesabiwa sawa na kiwanja cha kiwanda cha zamani. Wajenzi wakashangilia, wakaanza kununua bustani za nyuma. Wakaaji walilalamika miaka mingi, na mwaka 2010 Serkali ikaiondoa bustani katika hesabu hiyo, ikafuta na ule mpaka wa nyumba 30. Tazameni: Serkali ya inchi tajiri iliona kosa na ikarudi nyuma. Kurudi kutoka njia mbaya ni maendeleo pia.

Lakini tujihadhari na jambo moja. Huko Ulaya wako watu wanaolinda bustani kwa ajili ya kumfukuza maskini tu, asije kukaa karibu nao. Tukifanya vile, sisi nasi tunakuwa akina Ahabu. Kwa hiyo tuungame kwanza. Kati yetu tuliotia sahihi barua ile, wako waliokwisha kujenga vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba zao. Tulipokutana, mzee mmoja alisimama akasema: "Tunawezaje kumzuia tajiri, na sisi wenyewe tumekula nusu ya bustani?" Tulinyamaza kwa muda. Kisha tulipatana: hakuna kuongeza hata chumba kimoja, na kila aliyejenga achimbe mfereji wake na kupanda miti miwili mahali palipobaki. Na tunawaomba mapadri na masista wetu vilevile. Bustani ya misioni isigeuzwe safu ya maduka. Tutahubirije juu ya Naboti, na mgongoni mwa altare kuna harufu ya simenti mpya?

Neno la mwisho ni juu ya mjane anayeuza. Huyo hatumlaumu. Mtoto ni mgonjwa, karo ya shule imefika, na mnunuzi amekaa mlangoni tangu mazishi akingoja. Kosa ni la yule anayengoja shida za mwenziwe kama tai. Na kosa ni letu pia. Mashirika yetu ya Kikristu yanakutana kila juma, yanasoma Injili, yanakusanya sadaka. Je, mjane wa shirika letu akikaribia kukata bustani yake, kwa nini anayejua wa kwanza ni dalali, na sisi wa mwisho?

Tunaomba basi mambo haya. Ofisi ya viwanja isikate tena bustani yoyote ya mitaa ya zamani kabla ya kuita majirani na kusikiliza neno lao mbele ya watu wote. Mjenzi asipewe ruhusa pasipo kuonyesha maji yake yatapita wapi. Kila shirika liwe na mfuko mdogo wa kusaidia mwenye shida asiuze urithi. Na anayetaka kununua aende kwanza kutazama mteremko wa chini, awahesabu watoto wanaolala pale.

Februari 2025 mji wetu uliingia mikononi mwa M23. Hatuandiki hapa siasa. Wakubwa wanapita, mihuri inabadilika, lakini kilima hakisomi muhuri. Maji yatashuka vilevile, yeyote aliyetia sahihi.

Ahabu alipolishukia shamba la Naboti ili kulitwaa, nabii Eliya alikwenda kumkuta pale pale, ndani ya shamba. Wakristu wenzetu, nasi tusimame ndani ya bustani. Septemba mvua zitarudi, na mfereji hauchimbwi usiku wa mafuriko.