Bwana Heri hakuwa mwoga

Kumsifu Abushiri, kiongozi wa vita vya pwani dhidi ya Wadachi, kwa kukataa kusalimu amri ni haki, ila kumbeza Bwana Heri wa Saadani ni kumwonea. Mji wake ulipigwa mizinga Juni 1889. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba, na Bwana Heri bado alikuwa porini akipigana. Alipojisalimisha kwa Wissmann, kamanda wa Wadachi, Aprili 1890, alipata uhai wake na ruhusa ya kuijenga upya Saadani. Mtasema aliwasaliti wenzake. Wenzake gani, ilhali Abushiri yu kaburini karibu miezi minne na askari wa Wadachi wameshika miji ya mrima? Wala Wissmann hakumwachia kwa huruma: kumfukuza mtu vichakani kulimgharimu, naye amani aliitaka.