Mtoto wa Nyoka ni Nyoka? Urithi na Hiari katika Tamthilia za Unaturalisti

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Katika karne ya 19, wanaturalisti wa Ulaya waliivisha imani hiyo joho la sayansi. Émile Zola, katika Le Roman expérimental (1880), alishikilia kwamba mwandishi sharti amchunguze binadamu kama mwanasayansi achunguzavyo maumbile, akidhihirisha jinsi urithi na mazingira vinavyomwongoza. Kwa sababu hiyo, wengi wetu huandika katika insha zetu kwamba wahusika wa tamthilia za mkondo huu hawana hiari. Nionavyo mimi, hukumu hiyo ni ya haraka.

Tuitazame Vor Sonnenaufgang, yaani “Kabla ya Mapambazuko”, ya Gerhart Hauptmann, iliyoigizwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1889. Familia moja ya wakulima wa Silesia imetajirika ghafla kwa makaa ya mawe yaliyopatikana chini ya ardhi yao, nayo imezama katika ulevi. Helene, binti wa familia hiyo, hashiriki ulevi huo. Anapendana na Loth, mwanamageuzi aaminiye kwamba ulevi hurithiwa. Daktari anapomfichulia Loth siri ya ukoo huo, Loth anaacha barua na kwenda zake. Helene anajiua.

Je, Helene ameuawa na nini? Hatuoni popote damu ya babake ikimshinda. Ameangamizwa na uamuzi wa mtu aliyeiamini nadharia kuliko binadamu aliyemjua. Huenda ikadaiwa kwamba Loth naye ni zao la mafunzo yake. Hata hivyo, alikuwa na njia mbili mbele yake, akachagua moja.

Henrik Ibsen naye, katika Gengangere (1881), anamwonyesha Oswald aliyerithi maradhi ya babake. Lakini pazia linashuka mamake akiwa bado hajaamua iwapo atampa dawa ya kumkatisha uhai. Maradhi yamerithiwa, uamuzi haukurithiwa.

Urithi na mazingira hutueleza mhusika amekuta nini duniani. Havitoshi kutueleza atatenda nini. Mhakiki aandikaye “mazingira yalimlazimisha” kisha akaweka kalamu chini, hana tofauti na Loth: amesoma ukoo, akaacha kumsoma mtu.