Kusagika si Kuoza

BARAZA LA PWANI
Na Mwana wa Forodhani

Maji ya bamvua yakisha kupwa, mwenye kupita ufukoni mwa Bagamoyo, toka soko la samaki kuelekea Kaole, hakosi kuona, baina ya mwani na vipande vya nyavu, mapande ya sponji ya godoro yaliyopiga umanjano kwa jua, ambayo ukiyafinya husagika yakawa unga. Na wengi wetu, tuuonapo unga ule, huridhika nafsi kwamba bahari imekwisha kuutafuna uchafu wetu na hesabu imefungwa. Rai yangu ni kwamba hesabu haijafungwa, na kwamba atakayetuletea bidhaa na kudai kuwa inaoza, hatuna budi kumtaka ushahidi ulio zaidi ya unga.

Wazee wetu walilalia magodoro ya sufi na ya usumba, na yalipochakaa ardhi iliyapokea bila ya taabu. Ama sponji ya leo ni poliyurethani, aliyoivumbua Mjerumani Otto Bayer pamoja na wenzake mjini Leverkusen mwaka 1937, nayo huundwa kwa kukutanisha vimiminika viwili: isosianeti, ambayo ni kemikali kali isiyotulia mpaka imeshikamana na kitu, na polioli, yenye vishikio vingi vya kuipokea. Vikitiwa maji kidogo hutoka hewa ya ukaa, na mchanganyiko ukaumuka kama unga wa maandazi uliotiwa hamira, kisha ukaganda na vitundu vyake.

Polioli aghalabu hutokana na petroli. Walakini yaweza pia kutokana na mafuta ya mbarika, mti ujioteao kando ya nyua zetu, kwa kuwa tindikali iliyo kuu katika mafuta hayo, yapata asilimia 90, imezaliwa na kishikio kile kile kitafutwacho na isosianeti. Hapo ndipo mfanyabiashara apatapo maneno matamu, akasema kwamba kilichotoka mmeani kitarudi udongoni. Hoja hiyo ni batili, kwani kiamuacho kuoza si asili ya kitu, bali ni fundo lililounga sehemu zake. Mafundo ya etha, yaliyomo katika magodoro mengi, maji hayayafungui kwa urahisi. Ama yale ya esta, maji huyakata polepole na vimeng'enya vya kuvu na bakteria huyakata kwa haraka zaidi, yakawa tindikali na alkoholi ambazo vijidudu huzila, na mwisho wake ukawa hewa ya ukaa na maji. Ndiyo sababu soli za baadhi ya viatu, zilizoungwa kwa esta, hubomoka kabatini kwa joto na unyevu wa pwani hata kabla hazijavaliwa sana. Lakini fundo la urethani lenyewe, lile liunganishalo isosianeti na polioli, ni gumu zaidi, na isosianeti za kawaida za viwandani zaweza kuacha amini zenye sumu. Kwa hiyo wataalamu watengenezao vifaa vya kuyeyukia mwilini hutumia isosianeti itokanayo na lisini, kijenzi cha protini kilichomo katika samaki na kunde.

Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitangaza povu la kutengenezea ndala, lililotokana kwa sehemu na mafuta ya mwani mdogo, ambalo vijidudu vya mboji na udongo vililivunja ndani ya majuma 16. Habari hiyo ni njema, nami siidharau. Illa mboji si bahari. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 hutaka asilimia 90 ya kitu igeuke hewa ya ukaa katika miezi 6, na aghalabu jaribio hilo hufanywa katika mboji yenye joto la nyuzi 58, hali maji ya Bagamoyo, hata wakati wa kaskazi, ni yapata nusu tu ya joto hilo.

Serikali iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019 haikosi uwezo wa kulitengeneza jambo hili mapema. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; basi Shirika la Viwango na limlazimishe kila mwenye kudai kuoza aandike juu ya bidhaa yake mambo manne: itaoza wapi, kwa joto gani, kwa muda gani, na itabakiza nini. Isiyoweza kujibu masuala hayo ihesabiwe kuwa plastiki kama plastiki nyingine, na hukumu izipatayo hizo iipate na yenyewe.