Adukizaye Huacha Alama


Mwaka 1984, Charles Bennett na Gilles Brassard walibuni njia ya kupelekeana ufunguo wa siri kwa chembe za mwanga, mojamoja. Akizipima asiyejua zilivyoandaliwa, baadhi hubadilika. Wenyewe hulinganisha sehemu ya walizopokea. Wakikuta makosa mengi, hutambua kuwa wamedukizwa, na ufunguo huo huutupa. Mwaka 2007, jimbo la Geneva, Uswisi, lililinda hivyo matokeo ya kura.

Nasi tuionapo simu ya mume au ya binti imeachwa wazi, tukumbuke katazo la kupelelezana katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Kuchungulia hakuachi kitu kama kilivyokuwa. Wale hutuma ufunguo mwingine. Kuaminiana kukivunjika nyumbani, tutatuma nini?